Likizo Yangu ya Lamu Nilimpa Mume wa Rafiki Yangu

Barua hii ilinifikia mwanzoni mwa Novemba 1956. Niliijibu siku ileile kwa posta wala sikuichapa, maana wakati ule neno moja gazetini lingeweza kumfunga mtu. Sasa Hali ya Hatari imeondolewa, na mwenye barua ameniruhusu niitoe, majina yakiwa yamebadilishwa. Nimeiacha kama alivyoiandika. Jibu langu linafuata, kisha nitawaeleza mambo yalivyokuwa baadaye.

Mama Apondi mpendwa,

Pokea salamu kutoka Nyeri. Wewe hunijui lakini mimi nakujua, kwa sababu kila Ijumaa mpishi akimaliza kusoma gazeti lenu hunipa, na nimeona ukiwasaidia watu wenye mambo magumu, kwa hivyo leo watoto wamelala usingizi wa mchana na mimi nimekaa jikoni nikasema acha nimwandikie huyu mama, kwa maana jambo langu siwezi kumwambia mchungaji wala mtu wa kwetu, na siku zinakwisha.

Mimi ni Mbula, Mkamba wa Kangundo, yaya katika nyumba ya Mzungu msimamizi wa barabara hapa Nyeri mjini, mwaka wa saba sasa. Nilipofika hapa mpishi alikuwa Wamae, Mkikuyu wa Gakindu kule Mukurweini, mtu mpole wa maneno machache, na chumba chake na changu vilitengwa na ukuta mmoja wa mbao, kwa hivyo nikamjua mke wake Wachuka kabla sijamjua mtu mwingine yeyote mji huu. Mwaka wangu wa kwanza baridi ya mlimani iliniingia kifuani nikaugua homa ya mapafu, na Wachuka akalala sakafuni kwangu siku tisa, akininywesha uji kwa kijiko na kunifunika blanketi lake yeye, na nilipopona hakulitaja jambo hilo hata mara moja. Mama, huyo ndiye mtu niliyemkosea.

Mwaka wa hamsini na tatu askari walikuja wakamchukua Wamae jikoni, mikono yake bado ina unga, na Wachuka akaambiwa arudi Gakindu na binti zake wawili, na baadaye nyumba yake ya Gakindu ikabomolewa akahamishiwa kijijini pamoja na watu wengine wote, kile kijiji chenye mtaro pande zote, yeye na watoto na mama mkwe wake mzee anayeitwa Murugi. Kwa miaka miwili hakujua kama mumewe yuko hai. Halafu ikaja kadi moja tu, nusu yake imefutwa na wakaguzi, ikisema yuko katika kisiwa cha Manda karibu na Lamu. Wachuka hajaona maji makubwa kuliko mto Gura. Kisiwa kwake ni neno tu, aliniuliza kama ni kitu kinachoelea.

Basi mwezi wa saba memsahib, mke wa yule Mzungu, akaniambia nifunge nguo za watoto, mwezi wa nane tunakwenda likizo Lamu. Nilipokwenda kijijini kumwambia Wachuka alinishika mkono, akasema, "Ukipata mtu wa kumfikishia neno, mwambie watoto wako hai." Hakuniomba kitu kingine.

Mama, nilikuwa sijaona bahari. Tulishuka kwa treni mpaka Mombasa, tukaendelea kwa gari siku mbili kupitia Malindi, tukavuka mto kwa kivuko cha kuvutwa kwa kamba, na asubuhi ya mwisho motaboti ikatuvusha, na ule mji ukatokea kidogo kidogo juu ya maji, mweupe, kama nguo zilizofuliwa zikaanikwa, nikasahau hata mtoto niliyembeba. Memsahib alikuwa amesikia kuna nyumba mpya ya wageni. Nasema mpya lakini kuta zake ni za mababu, nene kama mkono wangu mzima, kilicho kipya ni kupokea wageni, kwa sababu mwenye nyumba, mjane anayeitwa Bi Mwanaesha, ndiyo kwanza alikuwa amefungua orofa ya kati kwa watu wa kulipa. Wazungu wakapewa orofa hiyo. Mimi nikapewa kijumba cha darini, makuti juu, upande wa bahari hakuna ukuta, na kitanda cha kamba kirefu hata nilikipanda kwa kigoda. Asubuhi niliamshwa na upepo. Si filimbi ya askari, si kengele ya memsahib, upepo tu, unakuja unakugusa uso kama mtu anayetaka kujua kama umeamka.

Na kula. Bi Mwanaesha alisema mgeni ni mgeni hata akija na mtoto wa mtu mgongoni, akanikalisha mkekani na binti zake, nikala mahamri kwa mbaazi za nazi, nikala samaki wa kupaka, nikala mkate wa mofa umetoka sasa hivi kwenye tanuri lake la udongo, nikanywa maji ya ukwaju yaliyopoa kwenye mtungi. Mchana memsahib alilala na watoto na mimi nikapewa saa mbili zangu, na katika maisha yangu yote sijawahi kuwa na saa mbili zangu. Nilitembea. Vichochoro vya mji ule ni vyembamba mpaka punda wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma, na hurudi, wala wenyewe hawagombani. Kuna mlango nilirudi kuutazama siku nne, umechongwa maua kutoka juu mpaka chini. Nikafuata ufuo mpaka Shela, na nyuma ya Shela kuna vilima vya mchanga mtupu, nikapanda, nikageuka, nikaona nyayo zangu tu zimenifuata, na hakuna mtu aliyeniuliza pasi ya kutembea. Nilikaa pale juu nikalia, na sikuwa na huzuni.

Wiki ya pili nilikuwa sokoni na kikapu, nikasikia mtu anauliza bei ya vitunguu kwa Kiswahili cha bara, hiki chetu, masikio yangu yakafurahi. Alikuwa askari wa kambi ya wafungwa ng'ambo, kule Manda, mtu wa kutoka magharibi, jina lake silitaji. Tukaongea habari za baridi na ugali, na siku ya pili tulipokutana nikapata ujasiri nikamtajia Wamae. Alitazama huku na huku. Akasema anamjua, lakini haahidi kitu. Siku tatu baadaye akanikuta palepale kwenye vitunguu, akaniambia mambo bila kunitazama. Kwamba wanalala chini, vibanda vya mabati, mchana ni moto na mbu ni wengi. Chakula ni posho na maharage, maji huletwa kwa mashua na hupimwa kwa kikombe. Wamae amekonda na jicho lake la kushoto linaumwa, halioni vizuri. Aliposikia watoto wako hai alikaa chini, akaficha uso. Kisha akatuma neno, na yule askari alilirudia mara mbili ili nisilisahau, "Mwambie asiningoje. Wakija kupima mashamba asimame mwenyewe. Vipande ni vitatu, mama yangu anajua mipaka yote. Mimi sijui kama nitarudi."

Nilipanda darini. Kisiwa cha Manda kilikuwa mbele yangu, kijani kibichi ng'ambo ya maji. Mama, siku zote hizo nilikuwa nimekitazama kila asubuhi nikikiona kizuri.

Tuliporudi Nyeri nilipata ruhusa Jumapili ya pili ya Septemba nikaenda Gakindu. Wachuka alikuwa amepika viazi na njahi, yale maharage meusi ya kwao, alikuwa amefagia mpaka nje ya mlango. Mama mkwe Murugi alikuwa ameketi karibu na moto. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi lile neno njia nzima ndani ya basi. Lakini yeye hakuniuliza amesema nini. Aliniuliza, "Analala wapi?"

Nikafungua mdomo niseme chini, juu ya mchanga. Nikaona uso wake. Nikasema, "Analala juu, darini. Kitanda cha kamba. Upepo wa bahari unaingia upande mmoja."

"Hakuna baridi?"

"Hakuna baridi kabisa."

"Na anakula nini?"

"Samaki," nikasema, "wa nazi." Wachuka akacheka, mara ya kwanza tangu hamsini na tatu kumsikia akicheka, akasema kwao samaki ni jamaa ya nyoka, Wamae hawezi kumweka mdomoni, ati amejifunza? Nikasema amejifunza. Akauliza kama wanatolewa nje, nikamtembeza mumewe kwenye vichochoro, nikampandisha vilima vya Shela, nikampa mlango wangu wenye maua autazame. Kila kitu nilichosema nilikuwa nimekiona kwa macho yangu, ndiyo sababu kilitoka laini hivyo. Mwishowe akauliza, "Na amesema nini?" Yule mama mzee akageuza uso akanitazama. Nikasema, "Amesema umngoje. Atakuja kahawa ikiiva."

Tangu siku hiyo Wachuka amekuwa mtu mwingine. Wanawake wa kijiji wanasema anaimba wakichimba matuta ya kazi ya lazima. Amenenepa kidogo. Nimerudi mara tatu, na kila nikifika wanawake wengine wamekaa wananingoja, wengine waume wao wako kambi nyingine kabisa lakini wanataka kusikia, na mimi nawasimulia, na nakiri kwako Mama kwamba napenda, kwa sababu nikisimulia nakuwa tena kule darini, na kila mara naongeza mahali papya ambapo sikupasema mwanzo.

Lakini Jumapili iliyopita Wachuka ameniambia kamati ya mashamba imefika Gakindu. Wanakusanya vipande vya kila mtu wavifanye shamba moja, wanaandika majina. Simeon, ndugu wa Wamae kwa baba, yeye ni homgadi, mlinzi wa kijiji wa upande wa serikali, na ana sauti mbele ya kamati, amesema vile vipande vitatu ni vyake, kwamba baba yao alimwachia yeye. Kamati ikauliza nani anasimama kwa upande wa Wamae. Wachuka akajibu kwa furaha, mwenyewe anakuja, ngojeni. Wakamwambia wataandika tarehe kumi na tano Novemba, aliyeko ndiye atakayeandikwa. Ananiambia haya akitabasamu, Mama, anahesabu siku na kahawa imeanza kuwa nyekundu.

Sasa nifanye nini? Nikimwambia, nitamuua moyo na nitampoteza, na wakiuliza habari ilitoka wapi yule askari atafungwa na labda mimi pia. Nisipomwambia, shamba linakwenda kwa Simeon na watoto hawatakuwa na mahali pa kukaa. Wakati mwingine nafikiri nimwandikie barua bila jina. Wakati mwingine nafikiri labda Mungu atafanya Wamae aje kweli. Nisaidie, sina raha, sili.

Ni mimi Mbula.

JIBU

Mbula mwanangu, futa machozi kwanza, yataloanisha karatasi na nataka uisome vizuri.

Ninajua ulivyofika pale. Ulikuwa umepewa siku chache nzuri katika maisha ya kazi, na mtu unayempenda akakuuliza swali ambalo jibu lake ni chungu, ukatoa kilichokuwa karibu mkononi. Kama ungeishia kwenye kitanda na samaki, ningekuambia nenda ukaombe msamaha na mambo yaishe. Mfungwa ambaye mkewe anamwona mahali penye upepo hajadhulumiwa sana.

Lakini wewe hukuishia hapo. Mtu aliyefungwa, mwenye jicho bovu, alitafuta maneno machache ya kumwokolea mkewe shamba, mtu mwingine akahatarisha mkate wake kuyabeba, na wewe ukayatupa, ukaweka yako mahali pake. "Asiningoje" ukaigeuza kuwa "umngoje." Huo si upole. Ni wizi, na usikasirike nikiuita kwa jina lake. Halafu ukarudi mara tatu kusimulia kwa sababu unapenda kusikilizwa. Hilo umelikiri mwenyewe, na ndilo linalonifanya niamini kwamba unaweza kulitengeneza.

Sasa sikiliza. Barua bila jina usiandike; ni njia ya mtu mwoga, na kwa siku hizi itamletea Wachuka polisi mlangoni. Muujiza usiungoje, kamati haiungoji. Barua hii ikikufikia Alhamisi au Ijumaa, muombe memsahib ruhusa ya Jumamosi, usiseme Jumapili. Akikataa, mwambie kuna ugonjwa nyumbani kwa rafiki yako aliyekuuguza wewe. Huo si uongo mkubwa, na wewe umeshazoea mbaya zaidi.

Ukifika, usikae. Usile kwanza chakula chake. Mbele ya mama mkwe, liseme lile neno kama lilivyotumwa, tangu mwanzo mpaka mwisho, usiongeze wala usipunguze. Ndipo useme, "Yale mengine yalikuwa yangu mimi." Atakapouliza habari za jicho na za kulala chini, mjibu. Asipouliza, usimwagie mambo yote ili wewe upumue. Na usimwombe msamaha siku hiyo. Atakuwa na kazi nyingi kuliko kukubembeleza.

Kuhusu yule askari, ondoa hofu. Fikiri kidogo tu. Kamati haina haja ya kusikia neno la Wamae, wala Wachuka hana haja ya kulitaja. Yeye ni mke, analima vipande hivyo kwa jembe lake, watoto ni wa ukoo huo, na mama mzee anajua mipaka. Mwanamke hahitaji ujumbe kutoka kisiwani ili asimame kwenye shamba analolilima. Alihitaji tu kujua kwamba hakuna mwingine atakayesimama. Hicho ndicho ulichomnyima.

Mwambieni mama mzee awatembeze kwenye mipaka yote kabla ya siku yenyewe, na mtafute majirani wa kila kipande wasimame naye, hasa wale ambao hawana cha kupata kwa Simeon. Tarehe kumi na tano Wachuka awe amefika kabla ya kamati, si baada yake.

Huenda ukampoteza. Sitakudanganya, umedanganya vya kutosha kwa sisi wawili. Lakini bora Wachuka mwenye shamba asiyekusalimu kuliko Wachuka anayekukumbatia akiwa hana pa kupanda kiazi. Nenda.

Mama Apondi

YALIYOFUATA

Mbula alienda. Aliniandikia baadaye kwamba alimkuta Wachuka akisiriba ukuta kwa udongo, na kwamba alisimama mlangoni akayasema yote kwa pumzi moja. Mama Murugi hakushtuka. Inaonekana yule mzee alijua tangu siku ya kwanza, maana mwanawe hangeweza kutuma neno lisilotaja shamba. Alinyamaza kwa sababu alikuwa amechoka kumwona mkaza mwanawe akilia.

Wachuka aliendelea kusiriba mpaka udongo aliokuwa nao mkononi ukaisha. Hakuuliza habari za jicho. Aliuliza jambo moja, "Tumebakiwa na siku ngapi?"

Mbula akamjibu kwamba ni tano.

Akanawa mikono, akamwinua mama mkwe, wakatoka. Mbula alifuata nyuma, hakuna aliyemwita wala aliyemfukuza. Siku ile na siku zilizofuata, kila waliporuhusiwa kuvuka mtaro, yule mama mzee alizunguka vipande vitatu akiegemea bega la Wachuka, akionyesha kwa fimbo maua ya mpaka aliyoyapanda marehemu mumewe, na mahali ambapo Simeon alikuwa ameyang'oa alionyesha shimo. Majirani watatu walikubali kusimama naye. Wa nne aliogopa.

Tarehe kumi na tano Wachuka alikuwa pale asubuhi na mapema, kabla wazee wa kamati hawajashuka kwenye gari. Simeon alisema mwanamke hana neno katika mambo ya ardhi. Mzee mmoja wa kamati akamuuliza Wachuka mumewe yuko wapi, si alisema anakuja? Akajibu, "Haji. Nimekuja mimi." Mabishano yalichukua muda mrefu. Mwisho wake aliandikiwa vipande viwili kwa jina la Wamae. Cha tatu, kile cha kando ya mto, kilikwenda kwa Simeon, kwa kuwa jirani wa upande huo ndiye aliyeogopa. Ningependa kuwaambia kwamba vyote vilipona. Havikupona.

Kwa Mbula, Wachuka hakusema neno kwa mwaka mzima na zaidi. Familia ya yule Mzungu ilihamishiwa Nanyuki, Mbula akahama nayo, na aliniandikia kutoka huko kwamba amejifunza kula peke yake. Nilimjibu kwa mstari mmoja kwamba avumilie. Krismasi ya hamsini na saba ikamfikia salamu kupitia kwa mwanamke wa sokoni, kwamba kahawa ya Wachuka imekuwa nyingi na hana watu wa kutosha kuichuma. Alishuka Gakindu kwa basi la kwanza. Walichuma siku mbili bila maongezi mengi. Siku ya tatu, wakiwa wameketi kula, Wachuka akamuuliza kama ni kweli kuna punda anayerudi nyuma kumpisha mwenzake. Mbula akasema ni kweli, alimwona mwenyewe. Wachuka akasema, "Basi nieleze wewe ulivyotembea." Na Mbula akaeleza, safari hii likizo ikiwa yake.

Wamae aliachiliwa mwaka wa hamsini na tisa. Mbula alikuwepo, alikuwa amekuja kusaidia palizi, na mambo haya ninayamalizia kama alivyoniandikia. Lori lilimshusha sokoni Gakindu mchana, amekonda, jicho la kushoto limefumba. Watoto walimwogopa. Alisalimia watu, akachukua kifurushi chake, akaanza kwenda nyumbani kwa njia aliyoijua, ile ya kuteremka upande wa mto. Alikwenda hatua kama hamsini, akasimama. Njia yenyewe ilikuwa imelimwa mahindi. Vile vipande vyake viwili vilikuwa vimekwisha kubadilishwa na kukusanywa kuwa shamba moja upande mwingine kabisa wa barabara, na nyumba aliyoiacha haikuwepo, na kijiji alichokuwa hajawahi kukiona kilikuwa tayari kinavunjwa, watu wakihamia kwenye mashamba yao mapya. Aligeuka akamtazama mkewe mbele ya soko zima, mwanamume aliyezaliwa palepale, na hakujua aelekee wapi.

"Ni huku," Wachuka akamwambia.

Akampokea kifurushi, akatangulia. Wamae akamfuata nyuma, na Mbula akabaki barabarani akiwatazama. Alimwona Wachuka akisimama kila baada ya hatua chache amwonyeshe kitu: miti yake ya kahawa, kisima, mahali alipojenga jiko, mlango. Wamae alikuwa akiitikia kwa kichwa, polepole, akigusa kila kitu alichoonyeshwa.